Nguo ya Kukodi Si Nguo ya Kuazima

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Majengo, Sumbawanga)



Nimeombwa nizungumze juu ya biashara ndogo ambayo fundi cherehani, au mfanyakazi, au kikundi cha akina mama kinaweza kuianzisha hapa Majengo bila kumsubiri tajiri wa kutoka mbali. Biashara yenyewe ni ya kukodisha nguo za kazi kwa wanawake wajawazito. Najua wapo waliotabasamu waliposikia habari hii, na wapo waliokumbuka methali ya wazee wetu kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Sitaki kuibishia methali hiyo, kwa sababu ni ya kweli. Nataka kueleza tu kwamba nguo ya kukodi si nguo ya kuazima, na kwamba katika tofauti hiyo mna heshima ya mfanyakazi na mna riziki ya fundi.

Niruhusuni nianze na jambo lililonipata mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu kijana, mwenye mimba ya miezi sita, nilikuwa na sketi mbili tu za kufundishia, na zote mbili zilikuwa zimekataa kufunga. Nikawa nazibana kwa pini na kuzificha pini hizo kwa sweta. Ulikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya Ufipa mnaijua, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuniona na sweta mchana kutwa. Siku moja nilinyoosha mkono kuandika juu ya ubao, pini ikafyatuka. Darasa zima likanyamaza. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akainuka bila kuambiwa, akaniletea sweta lake nijifunge kiunoni, akarudi kukaa. Nilimaliza kipindi. Lakini siku tatu zilizobaki za wiki ile niliomba ruhusa ya ugonjwa, na sikuwa mgonjwa. Watoto wa darasa langu walikosa hesabu kwa siku tatu kwa sababu ya pini moja.

Nimelisimulia jambo hili si ili nihurumiwe. Nimelisimulia kwa sababu naamini kwamba kila shule na kila ofisi iliyomo katika mji huu ina mwanamke ambaye amewahi kufanya kama nilivyofanya mimi, na hakusema.

TATIZO LENYEWE

Ndugu zangu, hebu tulitazame tatizo hili kwa utulivu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwanamke likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 ikiwa amejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Inamruhusu kuanza likizo hiyo wiki nne kabla ya siku anayotazamiwa kujifungua. Inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito. Inampa mama anayenyonyesha nafasi ya hadi saa mbili kwa siku, katika saa za kazi, ili amnyonyeshe mtoto wake. Hizi ni haki kubwa, na ni vema kila mtumishi azijue.

Lakini sheria hiyo hiyo ina maana ya pili ambayo hatuifikirii. Kama likizo inaanza wiki nne kabla ya kujifungua, basi mwanamke yuko kazini hadi mimba inapofika miezi minane. Tumbo huanza kuonekana na nguo za kawaida huanza kukataa kufikia mwezi wa tano au karibu na hapo. Kwa hiyo ipo miezi minne kamili ambayo mwalimu anasimama mbele ya darasa, karani anakaa mapokezi, muuguzi anazunguka wodini, hakimu anasikiliza kesi, naye hana nguo inayomtosha. Na huyu ni mtumishi anayedaiwa kuvaa kwa heshima. Waraka wa Watumishi wa Serikali Namba 3 wa mwaka 2007 ulitolewa mahususi kuhusu mavazi ya watumishi wa umma. Nguo inayobana mwili haikubaliki ofisini, na kanga na dera ambazo humstiri mama vizuri nyumbani si mavazi ya kuendeshea kikao cha Halmashauri.

Katika nchi yetu mavazi ya wanawake yamejadiliwa sana, na mara nyingi wajadili walikuwa wanaume. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na mavazi mengine yaliyohesabiwa kuwa si ya heshima, na kurasa za magazeti zikajaa barua za kuunga mkono na za kupinga. Sifufui ubishi huo. Nasema tu kwamba tumetumia maneno mengi kumwambia mwanamke asivae nini, na maneno machache sana kumwuliza ana nini cha kuvaa. Mwanamke mjamzito aliyeajiriwa anatakiwa avae vizuri, lakini mwili wake unabadilika kila mwezi na mshahara wake haubadiliki.

Basi anafanya nini? Wapo wanaoshona nguo mpya, wakatumia fedha ambazo zingenunua nepi, beseni na blanketi la mtoto, kisha nguo hizo zikakaa kabatini baada ya miezi minne. Wapo wanaoazima kwa dada au kwa rafiki. Na wapo wanaonunua nguo kubwa za mitumba.

Juu ya nguo kubwa nataka kusema neno la fundi. Mwanamke mjamzito huongezeka zaidi tumboni na kifuani. Mabega yake hubaki karibu na yalivyokuwa. Gauni la mtu mnene likivaliwa na mjamzito mwenye umbo dogo hutosha tumboni, lakini mabega huteleza, kwapa hufunguka, na anapoinua mkono kuandika ubaoni gauni lote hupanda. Tena tumbo huvuta pindo la mbele juu, na gauni huonekana fupi mbele na refu nyuma. Kwa hiyo nguo kubwa si nguo ya mjamzito. Mitumba inaweza kutusaidia kama malighafi, kwamba fundi anunue gauni zuri alikate na kulishona upya. Lakini kuivaa kama ilivyo ni kurudi kwenye pini.

KUAZIMA NA KUKODI

Sasa nije kwenye methali. Kwa nini nguo ya kuazima haisitiri? Kwa sababu mwenyewe anaweza kuidai wakati wowote, na kwa sababu aliyeazima hana neno la kusema ikiwa imepasuka au haimtoshi. Anabaki chini ya fadhila ya mtu. Katika ofisi ndogo fadhila hiyo huwa nzito, kwani mwenye nguo atapita, ataiona, na pengine atasema mbele ya watu, "Hilo gauni langu limekupendeza." Mwazimaji atacheka, lakini kesho yake hatalivaa tena.

Aliyekodi halipi kwa shukrani, analipa kwa fedha. Ana muda wake, ana haki yake, na akikuta mshono umeachia anarudisha atengenezewe. Jambo hili si geni kwetu hata kidogo. Hapa Majengo, kama ilivyo miji yote ya Tanzania, tunakodi maturubai, viti na masufuria ya shughuli. Bibi harusi hukodi gauni, bwana harusi hukodi suti, na mhitimu huvaa joho la kukodi. Hakuna anayemcheka bibi harusi kwamba gauni si lake, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba ni upuuzi kununua kwa bei kubwa kitu cha kuvaliwa siku moja. Kama tumekubali kukodi nguo ya siku moja, kwa nini tuone ajabu kukodi nguo ya miezi minne?

Na watu wa Ufipa wasidhani kwamba biashara ya nguo ni mgeni aliyeletwa na barabara ya lami kutoka Tunduma. Historia inaeleza kwamba katika karne ya 19 Wafipa walijulikana kwa kuyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo, na walijulikana pia kwa kufuma nguo za pamba kwa mikono yao. Nguo za viwandani kutoka ng'ambo zilipoenea, ufumaji ule ulikufa. Hatuwezi kuurudisha kwa hotuba. Lakini tunaweza kukumbuka kwamba mikono ya nchi hii iliwahi kuwavika watu wake.

Nje ya nchi yetu uko mfano unaofaa kutufundisha. Mwanamke mmoja aliyezaliwa Lithuania, Lena Himmelstein, alihamia Marekani akiwa msichana, akafanya kazi ya kushona mjini New York. Aliolewa na Bryant, akafiwa na mumewe akiwa na mtoto mchanga. Aliweka rehani hereni alizopewa na marehemu, akapata cherehani. Mnamo mwaka 1904 mteja mmoja alimwomba gauni ambalo angeweza kulivaa mbele ya watu akiwa mjamzito, naye akalishona kwa kuunga sehemu ya juu na sketi yenye mikunjo kwa lastiki, ili iongezeke kadiri tumbo linavyoongezeka. Wanawake wakalitaka, lakini magazeti ya wakati ule yalikataa kutangaza nguo za wajawazito, kwa kuona kwamba ujauzito ni jambo la kufichwa. Ni mwaka 1911 tu ndipo gazeti la New York Herald lilipokubali tangazo lake. Biashara yake ikakua ikawa kampuni kubwa ya Lane Bryant. Hata jina hilo lilitokana na kosa la kuandika Lane badala ya Lena katika karatasi za benki. Funzo ninalolichukua hapa ni kwamba haja ilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuitaja haja hiyo bila haya na kuitafutia mshono.

NGUO YENYEWE

Anayetaka kuanza biashara hii asianze na kitambaa. Aanze na mwili wa mvaaji. Nguo ya kukodisha itavaliwa na wanawake wengi, tena kila mmoja atabadilika umbo akiwa nayo. Kwa hiyo yafuatayo ni ya lazima.

Kwanza, gauni likatwe mshono wake chini kidogo ya kifua, si kiunoni, na kutoka hapo literemke kwa mikunjo. Pili, pande zote mbili ziwekwe mikanda ya kufunga nyuma, ili livutwe katika mwezi wa tano na kulegezwa katika mwezi wa nane. Tatu, pindo la mbele liachwe refu kuliko la nyuma kwa sentimeta chache, ili tumbo likilivuta pindo lisawazike. Nne, sketi na suruali ziwe na kitambaa laini kinachonyumbuka sehemu ya tumbo, wala zisiwe na lastiki inayokata mwili, maana mjamzito huvimba miguu na haifai kumbana. Tano, magauni kadhaa yafunguke mbele kwa vishikizo, ili mama anaporudi kazini baada ya likizo aweze kumnyonyesha mtoto katika zile saa mbili alizopewa na sheria. Gauni la namna hiyo litakodiwa kabla na baada ya kujifungua.

Sita, tukumbuke tuko wapi. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Nguo iliyobuniwa kwa ajili ya Dar es Salaam haitamfaa mwalimu wa hapa mwezi wa Juni saa moja asubuhi. Kila fungu la nguo liwe na koti au sweta lililo wazi mbele, lenye mabega ya kawaida, na magauni yawekwe bitana. Lakini mjamzito pia husikia joto upesi, kwa hiyo bora nguo mbili nyepesi zinazovuliwa moja juu ya nyingine kuliko nguo moja nzito.

Usafi ndio roho ya biashara hii. Nguo ikirudi ifuliwe kwa sabuni na maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili, ianikwe juani, ipigwe pasi ndani na nje, hasa kwenye mishono, kisha ifungwe katika mfuko safi. Mteja akisikia harufu ya mtu mwingine katika kwapa la gauni, hatarudi tena, na atawaambia wenzake.

HESABU

Ndugu walimu, sasa tufanye hesabu, kwa sababu biashara nyingi ndogo hufa kwa kukosa hesabu wala si kwa kukosa mtaji. Bei ninazozitaja ni mfano tu. Kila mmoja aweke za kwake baada ya kuuliza sokoni.

Tuseme gauni moja la kazi linahitaji mita 3 za kitambaa kwa shilingi 7,000 kila mita, yaani shilingi 21,000, na ushonaji pamoja na vifaa ni shilingi 14,000. Jumla ni shilingi 35,000. Fungu moja la nguo tano, za kutosha wiki ya kazi, litagharimu shilingi 175,000. Mafungu manne yatagharimu shilingi 700,000. Tuongeze shilingi 100,000 za pasi, hanga, mifuko na madaftari. Mtaji ni shilingi 800,000.

Tukodishe fungu moja kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kufua, mkaa au umeme wa pasi, na marekebisho tuyahesabie shilingi 4,000 kwa fungu kwa mwezi. Zinabaki shilingi 16,000. Mteja mmoja akikaa na fungu miezi minne ataacha shilingi 64,000. Kila fungu limebeba shilingi 200,000 za mtaji. Kwa hiyo wateja watatu hawatoshi kurudisha fedha. Faida inaanza kwa mteja wa nne. Na kwa kuwa si rahisi kila fungu limtoshe kila anayekuja, tuseme kwa wastani mafungu mawili tu kati ya manne ndiyo yako kwa wateja. Mapato halisi yatakuwa shilingi 32,000 kwa mwezi, na mtaji utarudi baada ya miezi 25.

Mnaona? Ni zaidi ya miaka miwili. Anayewaambieni kwamba biashara hii itamtajirisha mtu kwa miezi sita anawadanganya. Hata huko Marekani, kampuni ya Rent the Runway, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Jennifer Hyman na Jennifer Fleiss kwa ajili ya kukodisha nguo za wanawake, ilikuwa kubwa na mashuhuri huku ikipata hasara kwa miaka mingi, kwa sababu kufua na kusafirisha nguo ni gharama isiyolala.

Upande wa mteja hesabu ni hii. Kushona nguo tano ni shilingi 175,000. Kukodi miezi minne ni shilingi 80,000. Amebakiwa na shilingi 95,000 za kumpokelea mtoto. Akikodi tena kwa mimba ya pili atakuwa ametumia shilingi 160,000, bado ni chini ya gharama ya kushona. Kwa mimba ya tatu atafikia shilingi 240,000, na hapo ingekuwa nafuu zaidi kama angeshona zake tangu mwanzo akazitunza. Ni haki mteja aambiwe hivyo. Mfanyabiashara anayemficha mteja hesabu hatofautiani na anayepunja mizani.

Swali la mwisho la hesabu ni wateja wangapi watapatikana. Tuseme, kwa mfano, mji una wanawake 1,000 walioajiriwa walio katika umri wa kuzaa, na kila mmoja huzaa watoto 3 katika miaka 25. Hizo ni mimba 3,000 kwa miaka 25, yaani 120 kwa mwaka. Kila mmoja anahitaji nguo hizi kwa theluthi moja ya mwaka. Kwa hiyo katika mwezi wowote wanaozihitaji ni 40. Kama mmoja katika kumi atakubali kukodi, wateja ni wanne. Ndiyo maana nimesema tuanze na mafungu manne, si arobaini. Wapo pia walimu wa Laela, Matai na Namanyere wanaofika mjini kwa shughuli zao, lakini hao wawe nyongeza, tusiwafanye msingi.

Hesabu hizi zinatuonyesha nani anafaa kuianza kazi hii. Hafai mtu anayetaka kuiishi peke yake. Anafaa fundi ambaye tayari ana cherehani na wateja wengine, kwa sababu kwake yeye ule ushonaji wa shilingi 14,000 ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Na kinafaa zaidi kikundi. Wanawake ishirini wa shule na ofisi za jirani, kila mmoja akitoa shilingi 40,000, wanapata zile 800,000 bila riba. Wenyewe ndio wateja, wenyewe ndio wenye mali, na faida ikipatikana inarudi kwao. Huo ndio ushirika, na hauhitaji jengo wala bango.

MTAJI NA SHERIA

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Fedha ni matokeo ya kazi. Nawasihi mlikumbuke jambo hilo mnapotafuta mtaji. Biashara inayorudisha fedha kwa miezi 25 haiwezi kubeba mkopo wa kulipwa kila wiki. Mikopo ile ambayo wananchi wameipa jina la "kausha damu" itakausha fundi na cherehani yake pamoja. Afadhali kuanza na fungu moja kwa akiba kuliko manne kwa deni la namna hiyo.

Iko njia nyingine halali. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kurekebisha usimamizi wake, na ukarudishwa mwaka 2024. Kikundi chenye daftari la hesabu lililo safi kina la kuonyesha mbele ya afisa maendeleo ya jamii. Na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, kazi yake ni kuwasaidia watu wa namna hii kwa mafunzo na ushauri.

Biashara iandikishwe jina lake, ipate namba ya mlipakodi, ambayo hutolewa bure, na iulize Manispaa juu ya leseni. Na sisi watumishi wa umma tujihadhari: saa za Serikali ni za Serikali. Mwalimu asipime kiuno cha mteja wakati wanafunzi wanamsubiri, wala mkubwa wa ofisi asiwalazimishe walio chini yake kukodi kwake. Biashara iliyoanzishwa ili kulinda heshima ya mfanyakazi isianze kwa kuivunja.

SIRI NA UTU

Nimeacha jambo zito kuliko yote hadi mwisho. Katika mila zetu mimba haitangazwi. Mama hungoja, na majirani huona wenyewe. Mkodishaji atakuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujua, pengine kabla ya mkuu wa kazi, pengine kabla ya mama mkwe. Siri hiyo ni amana. Daftari la wateja lisikae juu ya meza. Nguo zisipewe majina ya waliozivaa, wala mkodishaji asiseme kamwe, "Hili lilivaliwa na mwalimu fulani."

Wapo watakaouliza, na swali lao ni la haki: je, nikivaa nguo ya mwanamke aliyepoteza mimba yake, sitapatwa na mimi? Sitawacheka wanaouliza hivyo. Hofu ya mama mwenye mimba haiondolewi kwa kicheko. Nitawajibu kwamba ujauzito hauharibiki kwa sababu ya kitambaa kilichofuliwa. Huharibika kwa sababu za mwili ambazo zahanati na hospitali ndizo mahali pa kuzitafuta. Na hapa fundi anaweza kusaidia kuliko anavyodhani. Yeye anampima mteja kila mara. Akiona uso na mikono imevimba ghafla, au akisikia kwamba mteja anaumwa sana kichwa na macho yanaona ukungu, asilegeze mshono na kunyamaza. Amwambie aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani hizo ni dalili za hatari.

Na ikiwa msiba umetokea, mkataba uwe umekwisha kusema la kufanya. Nguo zikirudishwa kabla ya muda kwa sababu ya msiba, zipokewe bila swali, na fedha za muda uliobaki zirudishwe zote. Ikiwezekana, mkodishaji aende mwenyewe kuzichukua, ili mama yule asibebe mzigo huo barabarani mbele ya macho ya watu. Katika hesabu yetu tumeandika kitambaa, sabuni na mkaa. Gharama hii nayo iandikwe, tena tusiiite hasara.

Ndugu Mwenyekiti, sina zaidi. Sijaleta kwenu habari ya utajiri. Nimeleta habari ya mafungu manne ya nguo, daftari moja, na watu wawili watatu wanaoweza kutunza siri. Kuna shida kubwa kuliko hii katika nchi yetu, nami nazijua. Lakini shida ndogo inayoweza kumalizwa na mikono yetu wenyewe haina sababu ya kungoja zile kubwa zimalizike kwanza.

Yule msichana wa dawati la nyuma hakuitisha kikao. Aliona mwalimu wake amekwama, akavua sweta lake katika baridi ya Julai, akaleta. Sweta lile lilikuwa la kuazima, na siku ile lilinisitiri, kwa sababu ya moyo wa aliyelitoa. Lakini si haki kwamba mwalimu ategemee sweta la mwanafunzi wake. Tukiwa na fungu moja tu la nguo safi katika chumba kimoja cha fundi hapa Majengo, mwalimu wa kesho atanyoosha mkono hadi juu ya ubao, na darasa litaendelea na hesabu.